Kutoka Kakamega Hata Kisiwa cha Mombasa kwa Mchezo wa Gofu

Mtu atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupanda vilima kidogo kidogo, akapita mashamba madogo madogo ya mahindi, chai na migomba, hata afikapo Ilesi aone kando ya barabara lile jiwe kubwa litiririkalo maji, ambalo watu huliita Jiwe Linalolia. Kutoka hapo mji hauko mbali. Na mgeni akiuliza mahali pa kulala, hapana budi atatajiwa Golf Hotel. Wengi wamelala ndani ya hoteli hiyo wasijiulize jina lake limetoka wapi. Halikutoka hewani. Karibu nayo pana kiwanja cha gofu cha mashimo 9, mali ya Kakamega Sports Club, nacho ni kizuri kukitazama asubuhi wakati umande haujakauka na ukungu wa msitu haujaondoka.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maneno machache yatatosha. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, uzito wake usizidi gramu 46, naye hutakiwa kuupeleka kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia hata ndani ya shimo lenye upana wa milimita 108, yaani shimo ambalo kikombe cha chai chaweza kuingia. Kati ya mahali pa kuanzia na shimo paweza kuwa na mwendo wa yadi 150 au 500, penye miti, mitaro, mashimo ya mchanga na majani marefu. Ashindaye ni yule aliyepiga mara chache zaidi. Mchezaji haruhusiwi kuchukua fimbo zaidi ya 14, na kila moja ina kazi yake, kama vile fundi seremala asivyoweza kutumia randa mahali pa patasi. Mchezo kamili ni mashimo 18. Kwa hiyo penye mashimo 9, kama Kakamega, wachezaji huzunguka mara mbili.

Mchezo wenyewe ulitoka Scotland, na ni wa zamani sana. Katika mwaka 1457 serikali ya huko iliupiga marufuku, kwa kuwa vijana waliupenda kuliko mazoezi ya upinde na mishale, na nchi ilihitaji wapiga mishale. Marufuku hiyo haikufaa kitu. Waskoti na Waingereza waliposambaa duniani walikwenda nao: Nairobi walianza kucheza gofu mwaka 1906, wakati mji ulikuwa bado mabati na matope, na Entebbe, nchi ya Uganda, walikwisha kuanza kabla ya hapo.

Kufika kwao Kakamega kwa wingi kuna habari yake, na habari hiyo si ya mchezo. Makao ya serikali ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kuja Kakamega mwaka 1920, na kwa miaka kumi mji ulikuwa mdogo na mtulivu. Kisha, mwaka 1931, Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mlowezi wa upande wa Turbo, akaona dhahabu katika mchanga wa mto Yala. Miaka hiyo bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Basi mamia yao wakaja na sururu na mahema. Waliokuja kutawala na kuchimba walikuja na michezo yao, vinywaji vyao na vilabu vyao.

Tena walikuja juu ya ardhi ya watu. Sheria ya Amana ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na kwamba kipande kikihitajiwa kwa jambo lingine, wenyeji watapewa kipande kingine cha thamani iyo hiyo, na baraza yao itaulizwa kwanza. Wino wa sheria hiyo haujakauka vizuri, dhahabu ikaonekana. Mwezi wa Disemba 1932 sheria ikageuzwa, ili ardhi yenye dhahabu iweze kutengwa kwa kulipwa fedha tu, bila ardhi badala yake na bila kuuliza baraza. Jambo hili lilipigiwa kelele hata London, katika Bunge na magazetini. Mgodi mkubwa wa Rosterman, karibu na mji, uliendelea hata mwaka 1952 ukafungwa. Wachimbaji wadogo huchimba huko na upande wa Ikolomani mpaka leo, kwa mikono na ndoo.

Si ajabu, basi, ikiwa mzee wa Kakamega akiona mahali papana penye majani yaliyokatwa vizuri, pasipo hindi wala ng'ombe, hukaa kimya kidogo kabla ya kusifu. Nchi hii ina watu wengi sana. Mashamba mengi hayafiki ekari mbili, na mtu mwenye wana wanne huota usiku mipaka ya kugawanya. Kiwanja cha mashimo 9 chaweza kuchukua ekari 50 na zaidi. Swali la kwamba ardhi hiyo ingeweza kulisha watu wangapi ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba majani yake ni mazuri. Lakini yako na majibu mengine. Mahali pasipojengwa ndani ya mji ni kitu adimu siku hizi, maji ya mvua hupata pa kuingia, na watu hupata kazi ya kukata majani na kuchukua fimbo.

Wachukuzi hao, ambao wachezaji huwaita kedi, wanastahili kutajwa zaidi kuliko wachezaji. Zamani za ukoloni vilabu vya Wazungu havikumpokea Mwafrika kama mwanachama. Aliingia kama mpishi, mkata majani au mchukuzi. Lakini mtu hawezi kuchukua fimbo za mwingine miaka mitano asijue ni fimbo gani ifaayo kwa mwendo upi, na mara nyingi mchukuzi alijua kuliko bwana wake. Jioni, bwana akiisha kwenda kunywa, vijana walipiga mipira iliyopotea kwa fimbo za miti walizochonga wenyewe. Katika nchi yote ya Kenya, wachezaji wengi wa kulipwa wametoka katika njia hiyo ya uchukuzi. Na upande huu wa magharibi haukukosa wa kujivunia. Dismas Indiza, aliyetokea Mumias penye kiwanja kilichopandwa karibu na kiwanda cha sukari, amecheza mara nyingi katika mashindano ya Kenya Open, yale yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo Seve Ballesteros wa Hispania aliyashinda mwaka 1978.

Sasa na ielezwe safari. Mchezaji wa Kakamega, awe mwalimu, karani au mkulima wa miwa aliyepata malipo yake, akipata likizo ya juma moja hutamani kuona bahari, na akiwa na fimbo zake hutamani kucheza mahali mpira uwezapo kuanguka majini. Kisiwa cha karibu chenye kiwanja cha gofu cha zamani ni Mombasa.

Njia huanzia Kisumu, mwendo wa kilomita 50. Mwenye nafasi na apumzike hapo siku moja, kwa kuwa Kisumu nako kuna kiwanja karibu na Ziwa, cha Nyanza Club. Kilabu hicho hutajwa mara nyingi katika vitabu vya gofu vya Ulaya kwa sababu ya sheria yake ya miaka ya 1950: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba hata ikawa hatari, mchezaji aliruhusiwa kuweka mpira mwingine mahali pa salama, mradi asilisogelee shimo, wala asihesabiwe pigo. Wazungu wa ng'ambo hucheka wakisoma habari hiyo. Mtu wa Ziwa hacheki. Kiboko akitoka majini jioni kula majani hajui tofauti ya majani ya kilabu na majani ya mtu mwingine.

Kutoka Kisumu hata Nairobi ni basi, na Nairobi hata Mombasa ni garimoshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambalo huenda kwa muda upatao saa tano. Tiketi inunuliwe mapema, maana wakati wa likizo za shule hazipatikani. Stesheni ya Mombasa haiko kisiwani. Iko Miritini, upande wa bara, na mgeni huingia kisiwani kwa gari kupitia Makupa. Mkoba wa fimbo ni mrefu na mzito, na wenye matatu huutazama kwa jicho la kutaka nauli ya mtu wa pili. Bei na ipatanwe kabla ya mkoba kupanda juu.

Mombasa Golf Club kiliundwa mwaka 1911. Mashimo yake ni 9 kama Kakamega, lakini hapo ndipo mfano unapokwisha. Kiwanja kimewekwa juu ya mwamba wa matumbawe, upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, kando ya ile njia ya Mama Ngina yenye mibuyu mikubwa, ambako watu wa mjini huja jioni kula mihogo na kupunga upepo. Meli ziingiazo Kilindini hupita karibu sana chini ya mwamba, hata mchezaji huona mabaharia wakianua nguo zao sitahani. Udongo ni mchache juu ya jiwe. Mkulima wa Kakamega, aliyezoea udongo mwekundu ambao jembe huzama bila kugonga kitu, atashangaa kuona majani yaotavyo juu ya mwamba wenye chumvi, na mpira wake ukianguka mahali palipo wazi utaruka kama uliopigwa juu ya sakafu.

Hapo mchezaji wa bara hupata mshangao wake wa kwanza. Anachukua fimbo ileile ambayo kwao humpeleka yadi 150, anapiga vizuri, anausikia mlio mwema, na mpira unaanguka kabla ya kufika. Anapiga tena, mambo ni yaleyale. Hudhani kwamba mkono wake umechoka kwa safari, au kwamba chakula cha garimoshi hakikumfaa. Sababu ni nyingine. Kakamega iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana. Pwani hewa ni nzito zaidi, na mpira huchoka mapema. Dawa yake ni kuchukua fimbo ya kwenda mbali zaidi, wala si kupiga kwa hasira. Wengi hupiga kwa hasira, na mipira yao iko chini ya bahari hata leo.

Mshangao wa pili ni upepo. Watu wa bara wana mvua. Upepo wao ni mjumbe tu wa mvua. Pwani upepo ndio mwenye nchi. Kuanzia kama Aprili huvuma kusi, wenye nguvu, ukitoka kusini na baharini. Kuanzia kama Disemba hata Machi huvuma kaskazi, ambao ni mpole zaidi. Pepo hizi ndizo zilizoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha kwao kwa mamia ya miaka, na ndizo zinazouchukua mpira wa karani wa Kakamega na kuuweka mahali asipotaka. Mchukuzi wa Mombasa huzijua kama mvuvi. Kusi ukivuma, humwonyesha mgeni mahali pa kulenga, na mahali penyewe ni nje ya kiwanja, juu ya maji.

"Lenga ile meli, Bwana."

"Baba, ile meli iko baharini."

"Ndiyo. Lenga ile meli. Upepo utaurudisha."

Mgeni asiyeamini hulenga bendera, na mpira wake hupelekwa na upepo mpaka upande wa barabara. Aaminiye huona mpira ukitoka juu ya bahari, ukasimama kidogo hewani, ukageuka kurudi nchi kavu kama njiwa arudiye tunduni. Kwa jambo hilo moja tu safari ya kilomita 800 na zaidi imelipwa. Mchukuzi wa namna hiyo na alipwe vizuri, na malipo yapatanwe kabla ya kuanza, maana huyo hana mshahara wa mwezi, na mchezaji aondokaye kwa kunung'unika juu ya shilingi chache baada ya kuokolewa mipira sita hana adabu.

Viwanja vingine vya pwani viko nje ya kisiwa. Nyali ni ng'ambo ya daraja kwa upande wa kaskazini. Mashimo yake ni 18, na zamani upande huo ulikuwa shamba la mkonge. Vipingo, katika njia ya kwenda Malindi, pia ni nchi ya mkonge, na mkonge bado walimwa jirani. Kiwanja chake kiko juu ya kilima na bahari huonekana kwa mbali, mibuyu imeachwa isimame mahali pake, na mwaka 2019 mabibi wa Ulaya walikuja kushindana hapo, Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda. Ni mahali pa fahari, na bei yake ni ya fahari vilevile. Diani, upande wa kusini, kuna kiwanja cha Leisure Lodge cha mashimo 18 ndani ya miti mingi. Huko adui ni nyani na tumbili, ambao huiba ndizi mkobani mchezaji ainamapo. Njia ya kwenda huko ni kivuko cha Likoni, au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kwa mwenye gari asiyependa kungoja. Mwenda kwa miguu kivukoni halipi kitu.

Wako wanaotaka kuvuka zaidi, mpaka Unguja. Zamani za Waingereza palichezwa gofu Mnazi Mmoja, hapo hapo kando ya mji. Siku hizi mchezaji hupelekwa kaskazini ya mji, Mangapwani, penye kiwanja cha mashimo 9 cha hoteli ya Sea Cliff. Ni kizuri, lakini mtu aliyekuja kwa fedha za miwa na akumbuke kwamba nauli ya boti na hoteli ya watalii zitammaliza kabla ya shimo la tano.

Habari ya gharama haina budi kusemwa wazi. Seti mpya ya fimbo nzuri yaweza kula bei ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hutoa maziwa. Mwenye busara hununua zilizotumiwa, au huazima kilabuni. Viwanja vya mashimo 9 kwa kawaida hutoza kidogo kuliko vile vya hoteli. Aendaye aandike barua au apige simu kwanza, maana vilabu vingine hutaka mgeni awe mwanachama wa kilabu cha kwao, tena avae shati lenye kola. Kuhusu wakati, miezi ya Januari na Februari ni mizuri: kaskazi huvuma, mvua hakuna. Mwezi wa Mei Mombasa hupata mvua nyingi, na mtu wa Kakamega hana haja ya kusafiri ili anyeshewe.

Maana mvua iko kwao. Huko Kakamega mawingu hukusanyika saa nane mchana juu ya msitu, na ngurumo huanza. Radi za nchi hiyo si za mchezo. Mtu aliyesimama uwandani na fimbo ya chuma mkononi, au aliyekimbilia chini ya mti mrefu, amejiweka mahali pabaya sana. Wenyeji huanza kucheza saa moja asubuhi wakamaliza kabla ya adhuhuri, na wakisikia ngurumo ya kwanza huacha mpira ulipo wakaingia ndani ya nyumba.

Aliyetoka Mombasa hurudi kwa njia ileile, fimbo zake zikiwa na kutu kidogo ya chumvi, ambayo yafaa kufutwa kwa mafuta kabla haijala chuma. Jumamosi inayofuata yuko tena kiwanjani kwake. Amekwisha kujifunza pwani kuchukua fimbo ndefu zaidi, na mkono umesahau kwamba amepanda mlima. Anapiga. Mpira unaondoka, unapita juu ya bendera, unapita juu ya mkata majani aliyeinua kichwa kuutazama, unaingia katika mahindi ya jirani. Na mwenye mahindi yumo ndani, anapalilia.